Mkaa wa Kusafisha Hewa ya Chumba cha Tumbaku



Leo nataka tuzungumzie hewa ya ndani ya nyumba, na chombo kimoja ambacho fundi yeyote wa mtaani anaweza kukiunda: kichujio cha hewa cha mkaa. Ulaya na Amerika ya Kaskazini kinajulikana sana kwa watu wanaootesha mimea ndani ya nyumba, kwenye mahema madogo yenye taa. Hewa iliyojaa harufu ya mmea hupitishwa kwenye mkaa kabla ya kutoka nje, na jirani hanusi kitu. Sisi wa Tabora hatuna haja ya hema wala taa, jua tumejaliwa. Lakini tunao mmea wetu wenye harufu kali, na ukishakauka tunauingiza ndani, tunauweka chumbani, na wapo wanaolala nao. Nasema tumbaku.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kichujio hiki ni kitu kizuri na kinafaa kutengenezwa. Ila kina mipaka yake, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kujikuta pabaya kuliko yule asiyekuwa na kichujio kabisa.

Anayeishi Urambo, Kaliua, Sikonge au Uyui anaijua hali ninayoisema. Tumbaku ya mvuke ikitoka kwenye bani, yaani banda la kuikaushia kwa moto, jani limekwisha kuwa la dhahabu na jepesi, linavunjika ukiligusa vibaya. Linataka mahali pasipofikiwa na mvua, mwizi wala mbuzi. Mwenye ghala lake ameshinda. Asiye nalo anaiweka nyumbani, na si ajabu ikawa ndani ya chumba kile kile wanacholala watoto. Kisha inakuja kazi ya kuchambua. Majani yanarudishiwa unyevu kidogo ili yalainike, yanatazamwa moja moja kwa rangi, urefu na madoa, yanapangwa kwa madaraja, halafu yanafungwa marobota kumsubiri mteuzi siku ya soko. Mama, binti na mara nyingine bibi wanakaa kwenye mkeka toka asubuhi, mlango umerudishwa na dirisha limefungwa ili upepo usilikaushe jani. Jioni utawakuta vidole vimekuwa vya kahawia na vinanata. Harufu imeshaingia kwenye shuka, kwenye nywele za mtoto, kwenye gunia la unga. Kama kuna ndoo ya asali ndani ya chumba hicho na kifuniko hakikubana, nayo imeharibika, maana asali hunyonya harufu upesi. Huo ni msiba mdogo wa peke yake katika mkoa unaojivunia asali yake.

Nyumba zetu nazo zina historia yake. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani hapa Tabora, Novemba 1857, walikaribishwa kwenye matembe: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, matundu machache ya mwanga. Lilikuwa jengo la akili kwa nchi yenye jua kali la mchana na baridi ya usiku wa kiangazi. Tembe la Kwihara, walilokaa David Livingstone na Henry Stanley mwaka 1872, linatembelewa mpaka leo kama makumbusho. Mgeni anasifu kuta, lakini mimi huwa natazama ua. Nyumba ya namna ile inapumulia uani. Moto una mahali pake uani, watu wanazungumza uani au barazani, na mizigo ya msafara inafunguliwa uani. Sisi tulipohamia kwenye tofali za kuchoma na bati, tuliuacha ua tukabaki na vyumba vilivyofungwa. Kisha tukajaza vyumba hivyo tumbaku, jiko na watoto.

Sasa mkaa unaingiaje hapa? Elimu yake ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1854, miaka mitatu kabla Burton hajafika Kazeh, mkemia wa Uskoti aitwaye John Stenhouse alitengeneza barakoa yenye mkaa wa kuni ndani yake, ili mvaaji asivute hewa chafu. Kwa miaka mingi wazo hilo halikupewa uzito mkubwa. Kisha ikaja vita. Tarehe 22 Aprili 1915, Wajerumani waliachilia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na majeshi yote yakaanza kutafuta kinga. Nchini Urusi, Nikolai Zelinsky alitengeneza barakoa ya mkaa mwaka huo huo. Ilipofika 1918, Wamarekani wa kawaida walikuwa wanaombwa wakusanye kokwa za matunda na maganda ya karanga ngumu ili yachomwe mkaa wa barakoa za askari. Vita hiyo hiyo ndiyo iliyowaleta askari wa Kongo ya Wabelgiji mpaka Tabora, Septemba 1916. Wapagazi wetu waliobebeshwa mizigo ya vita ile hawakuwa na barakoa ya namna yoyote.

Kwa nini mkaa, na si majivu au udongo? Chukua kipande cha mkaa wa mninga, ukivunje katikati, ukielekeze kwenye jua. Utaona vitundu vidogo vimejipanga: hizo zilikuwa njia za maji mti ulipokuwa hai. Lakini hivyo unavyoviona ni barabara kuu tu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye vitundu vidogo mno, vinavyochomoza kutoka humo na visivyoonekana kwa hadubini ya shule. Harufu ni gesi, na gesi ikipita mle inanata kwenye kuta, kama vumbi la barabara ya Sikonge linavyonata kwenye shati lenye jasho. Haiungui wala haipotei. Inakaa pale pale iliponata. Ndiyo maana siku kuta zinapojaa, kichujio kimekwisha kazi. Ukiuanika juani mkaa uliochoka, jua litaondoa unyevu, lakini nikotini iliyonata ndani itabaki.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mkaa wa gunia, wa tanuri letu la udongo, una vitundu hivyo lakini vingi vimezibwa na lami ya moshi wake wenyewe. Mkaa wa vichujio hupelekwa kiwandani ukapashwa joto la nyuzi 800 hadi 1000 huku mvuke wa maji ukipita ndani yake. Mvuke huo unaila lami, unafungua vitundu na kuchimba vingine vipya. Huo ndio mkaa ulioamilishwa. Gramu moja yake inaweza kuwa na kuta zenye eneo la meta za mraba 1000. Kijiko kimoja kikubwa, gramu 8 hivi, kina eneo la ndani linaloweza kuzidi uwanja mzima wa mpira pale Ali Hassan Mwinyi mjini kwetu. Mkaa wa gunia haufiki hapo hata kidogo. Ukiutumia utapunguza harufu siku chache, kisha basi. Na tafadhali, kijana usijaribu kuuamilisha nyumbani kwa asidi za betri au dawa za dukani. Kuna njia za kikemia za kufanya hivyo, lakini ni kazi ya kiwanda chenye wataalamu na mitambo yake.

Malighafi iliyo bora kwa kichujio cha hewa ni kifuu cha nazi. Ni kigumu, na mkaa wake una vitundu vidogo kuliko mkaa wa mti, vinavyoifaa gesi. India, Sri Lanka, Ufilipino na Indonesia wana viwanda vinavyouza mkaa huo dunia nzima. Sasa itazame njia yetu ya msafara. Inaanzia Bagamoyo, kwenye minazi. Inaishia Ujiji, kwenye michikichi ya Kigoma, ambako watu wakishakamua mafuta ya mawese na ya mise wanabaki na maganda magumu ya kokwa, nayo yanafaa kabisa kwa mkaa huu. Katikati yake tupo sisi, tuna watu wenye shida ya hewa, na tuna reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 na ushee kichwani au begani kwa miezi mitatu kutoka hapa mpaka pwani. Leo tani nzima ya vifuu ni shehena ndogo kwa behewa moja. Vifuu hivyo vinawashiwa moto au vinatupwa, kisha mkaa ulioamilishwa tunaununua kutoka ng'ambo ya bahari. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mikoani; VETA, wa mafunzo ya ufundi stadi, wana vijana wa kuchomelea vyuma. Naona hili ni jambo la kufanyiwa kazi, na faida yake haitaishia kwenye tumbaku, maana mkaa huo ndio unaotumika pia kusafisha maji ya kunywa. Jambo moja tu nalikataa: mtu asiingie msituni kukata mtundu na myombo akisema anatengeneza vichujio. Miti hiyo ndiyo inayowapa nyuki maua, na mabani yameshaila vya kutosha.

Tuje kwenye kutengeneza. Tuseme una chumba cha kuchambulia cha meta 3 kwa 3, urefu wa kwenda juu meta 2 na nusu. Hewa yake ni meta za ujazo 22 na nusu. Ukitaka hewa hiyo ipite kwenye kichujio mara 10 kwa saa, unahitaji feni ya kupitisha meta za ujazo 225 kwa saa. Kisha hewa lazima iguse mkaa angalau sehemu ya kumi ya sekunde. Ukipiga hesabu unapata lita 6 na robo za mkaa, ambazo ni kama kilo 3. Si mzigo mkubwa.

Unachukua wavu wa chuma wa madirisha, ule wa mbu, unakunja mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine, na kati yao unaacha nafasi ya sentimeta 4 au 5 pande zote. Chini unaziba kwa bati. Nafasi ile ya kati unaijaza mkaa wa punje za milimita 3 hadi 5, uliooshwa vumbi lake na kukaushwa vizuri. Jaza kidogo kidogo huku unagonga pembeni, kwa sababu mkaa hushuka, na ukiacha pengo juu hewa yote itapita pale ikauacha mkaa unatazama. Hilo ndilo kosa la vichujio vingi vya nyumbani. Juu unafunga feni inayovuta hewa kutoka bomba la ndani, na viungo vyote unaviziba. Nje unakivisha kitambaa cha pamba, kanga kuukuu inatosha, ili kizuie vumbi la tumbaku lisizibe mkaa. Kitambaa hicho kifuliwe kila wiki wakati wa kuchambua. Feni nayo iwe yenye nguvu ya kusukuma. Zile ndogo za kompyuta zinazunguka vizuri zikiwa wazi, lakini ukiziwekea sentimeta 5 za mkaa mbele zinashindwa.

Kwa chumba cha tumbaku ningependa kichujio kirudishe hewa ndani ya chumba badala ya kuitupa nje. Mwenye jani anafunga dirisha ili unyevu usipotee, na sababu yake ni ya haki: jani likikauka linavunjika, na likivunjika daraja linashuka, na daraja likishuka ada ya mtoto imeyumba. Kichujio kinachozungusha hewa ile ile kinapunguza harufu na mvuke wa nikotini huku kikiacha sehemu kubwa ya unyevu. Ila kuna gharama. Mkaa ukiwa katika hewa yenye unyevu mwingi, maji nayo yanagombea vitundu vile vile, na nguvu yake inapungua. Bahati yetu, kazi kubwa ya kuchambua inaangukia mvua zikiisha na kiangazi kikiingia. Na feni isielekezwe kwenye jani. Iwekwe juu, karibu na dari.

Hapo nimekisifu. Sasa nisikilize kwa makini, hasa wewe mama mwenye nyumba.

Kichujio hiki hakimkingi mvunaji shambani. Yule anayechuma jani bichi lenye umande, nguo zikalowa, kisha jioni akatapika na kuona kizunguzungu, nikotini imemwingia kwa ngozi. Dawa yake ni nguo za kukinga, glavu, na kuchuma umande ukishakauka. Na watoto wasichume kabisa.

Jambo zito kuliko yote ni jiko. Juni na Julai usiku wa Tabora una baridi, na watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani walale kwenye joto. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu na kushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, haamki. Mkaa ulioamilishwa hauikamati gesi hiyo. Barakoa za wachimba migodi zinazoizuia huwekewa mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba, kitu ambacho mimi na wewe hatutakiweka kwenye wavu wa dirisha.

Sasa fikiria hatari yake. Moshi una harufu, na kwa aliye macho harufu hiyo ndiyo onyo linalomfanya afungue mlango. Kichujio cha mkaa kinaondoa harufu ya moshi na kuiacha kaboni monoksidi ndani. Chumba kinanukia usafi, familia inavuta shuka, na sumu imo. Kwa hiyo kichujio kikiwekwa kwenye chumba chenye jiko la mkaa kinaondoa onyo peke yake. Ndiyo maana nasema asiyejua mipaka ya chombo hiki afadhali asiwe nacho. Hali ni hiyo hiyo kwa kibanda kilichogusana na bani, mahali anapolala mchochea moto usiku kucha kwa siku zote za kukausha, ambazo huwa karibu wiki nzima. Bomba la bani likipasuka, gesi inaingia kibandani kimya kimya. Mchochea moto alale upande upepo unakotoka, mahali pa wazi, na mabomba yakaguliwe kabla ya jani la kwanza kuingia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini kati ya leo na 2034 kuna misimu mingi ya tumbaku na baridi nyingi za Julai, na watoto wa kulala kwenye vyumba hivyo wapo sasa hivi.

Viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, ombi langu kwenu ni hili. Mnakata ushuru kwa kila kilo, mnajenga maghala ya marobota yaliyokwisha fungwa. Jengeni na banda la kuchambulia, lenye madirisha ya juu, paa refu na nafasi ya wanachama kupokezana. Humo kichujio kinafaa, kwa sababu hakuna anayelala wala kupika. Wataalamu wa utafiti wa tumbaku mlioko pale Tumbi, pimeni hewa ya vyumba vya kuchambulia kama mnavyopima mbegu na mbolea, mkatuambie.

Na wewe msikilizaji uliye nyumbani, usingoje banda wala kichujio. Chagua chumba kimoja cha tumbaku, watoto wahame humo, unga na asali vitoke. Fundi akikuundia kichujio, kitumie humo, na mkaa ubadilishwe harufu ikianza kurudi. Ila jiko la mkaa libaki nje ya nyumba, usiku wa leo na kila usiku, hata baridi iwe kali namna gani.